Yaya Aliyeogopa Kubeba Mtoto

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi madereva mliosimama pale mlangoni, jicho moja kwa mhubiri na jicho moja kwa lori, Bwana asifiwe hata kwenu! Itikeni mkiwa hapo hapo, anawasikia.

Jina langu ni Rodah Nasimiyu. Wengi wenu mnaniita Mama Khainza, na mtoto mwenyewe mnamwona pale kwenye benchi la mbele, amelala mdomo wazi, viatu vyake ninavyo mimi mkononi. Khainza sikumzaa. Mimi ni yaya wake. Mchungaji ameniomba niseme kwa ufupi namna nilivyofika katika nchi hii na namna Mungu alivyonitoa mahali nilipokuwa nimekwama. Nitajaribu kufupisha, lakini mambo yenyewe hayakuwa mafupi, basi mnivumilie.

Nilizaliwa Chwele, upande wa Kenya, tunakouona Mlima Elgon kutoka mgongoni kwake. Mume wangu alifariki wavulana wetu wawili wakiwa bado wadogo. Nikawaacha kwa dada yangu, nikaenda Webuye kutafuta kazi ya kulea watoto wa watu. Mungu akanipa nyumba nzuri. Watoto watatu wa nyumba ile niliwalea mmoja baada ya mwingine, toka nepi hadi yule mkubwa akawa ananiangalia kwa juu kama twiga. Nilijua nani anaogopa radi, nani hali ndizi, nani akinyamaza sana ujue homa inakuja. Sikuwahi kuona ni kazi ya aibu. Niliiona ni huduma, na mpaka leo naiona hivyo.

Basi familia ile ikapata uhamisho kwenda ng'ambo. Tulilia wote siku ya kuagana, hata baba mwenye nyumba alizunguka nyuma ya gari kujifanya anakagua matairi. Wakaondoka, mimi nikabaki na begi langu. Nilitafuta kazi nyingine Webuye, nikatafuta Bungoma, nikatafuta Kitale. Kila mlango walitaka msichana. Wananitazama, wanauliza umri, halafu wanasema kwa heshima kabisa kwamba mama, mtoto huyu anakimbia sana, utamweza kweli? Ndugu zangu, mtu aliyekimbizana na watoto maisha yake yote kuambiwa hivyo, inauma.

Wakati huo ndipo Konsolata alinipigia simu. Konsolata tuliimba naye kwaya Chwele, kisha akaolewa na dereva wa malori ya masafa, wakahamia Wanyange, kule Jinja kando ya ziwa. Akaniambia njoo Uganda. Jinja akina mama wengi wanafanya kazi, na wamechoshwa na wasichana wanaotoroka, wanatafuta mtu mzima. Niliomba, nikafunga, nikaona amani. Nikavuka mpaka wa Malaba na begi moja, na moyoni nikasema: Bwana, wewe huhitaji pasi ya kusafiria, tangulia.

Alitangulia kweli. Lakini mtu akitangulia haimaanishi kwamba njia haina miiba.

Mwiba wa kwanza ulikuwa ulimi wangu. Ninyi hapa ni Wakenya wengi, mnajua tunavyojivunia Kiswahili chetu. Mimi nilidhani Kiswahili kitanifungulia Jinja yote. Luganda sikujua, Lusoga sikujua. Konsolata akanipeleka kwa mama mmoja mjini, mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa na mtoto mchanga. Yule mama alinipenda tangu salamu. Alikuwa anazungumza Kiswahili kidogo na Kiingereza, tukaelewana vizuri, akaniita ndani nikamsalimie mama yake mzazi, kwa sababu ndiye nitakayeshinda naye nyumbani.

Bibi yule alikuwa ameketi kwenye mkeka, anachambua maharage. Nikapiga magoti kama nilivyofundishwa na Konsolata, nikamsalimia kwa Kiswahili changu kizuri, shikamoo na maneno yote ya adabu. Ndugu zangu, mikono ya yule bibi ilisimama ndani ya ungo. Hakuniangalia. Akazungumza na binti yake kwa Luganda, polepole sana, na binti akawa anabadilika uso. Kisha yule mama mwenye duka akanisindikiza nje, akaniomba msamaha. Akanieleza kwamba zamani, miaka ya utawala wa jeshi, watu waliokuja kumchukua baba yake walikuwa na bunduki na walikuwa wanazungumza lugha hii ya Kiswahili. Mama yake hajasahau. Hawezi kuisikia ikizungumzwa ndani ya nyumba yake, hata na mtu mwema, hata ikiwa ni salamu.

Sikukasirika. Nataka mjue sikukasirika. Nilirudi Wanyange, nikamweka bibi yule kwenye maombi yangu, mpaka leo yumo. Lakini niliona kwamba mlango ule umefungwa na mambo yaliyotokea mimi nikiwa bado sijui kuandika jina langu.

Nikaendelea kutafuta. Kuna waliosema watanipigia, hawakupiga. Kuna waliotaka barua ya mwenyekiti wa kijiji, na mimi mwenyekiti wa Wanyange alikuwa bado hanijui. Hatimaye Konsolata akasikia kuna mwalimu mmoja Budondo anatafuta mlezi. Budondo ni mashambani, nje ya mji. Nikapanda gari asubuhi, nikashuka kwenye kituo cha biashara, ilikuwa siku ya soko. Watu wamejaa pande zote mbili za barabara, mihogo, matoke, nguo za mitumba, kuku wamefungwa miguu. Nikasimama nitafute mtu wa kumuuliza njia ya kwa mwalimu.

Hapo ndipo nilimwona yule mtoto. Msichana mdogo, anayetembea bado kwa kuyumba. Alikuwa anafuata chupa tupu ya plastiki iliyokuwa inabiringika, na chupa inaelekea katikati ya barabara. Na kutoka juu linashuka lori la miwa, limejazwa mpaka miwa inaburuzika pembeni. Dereva hawezi kumwona mtu mfupi hivyo.

Sikufikiri. Mikono yangu haijawahi kusubiri akili mtoto akiwa hatarini. Nilikimbia, nikamkwapua, na kwa sababu lori lilikuwa limeshafika sikuweza kurudi nilikotoka, nikavuka naye hadi upande wa pili. Lori likapita nyuma yangu, upepo wake ukanivua kitambaa cha kichwa. Mtoto akaanza kulia kwa nguvu zake zote.

Sasa jiwekeni mahali pa wale watu wa upande wa pili. Kabla lori halijapita hawakuona chochote, miwa ilikuwa imewaziba. Lilipopita, walimwona mwanamke mgeni, hawamjui, kichwa wazi, amembeba mtoto wa kwao anayelia na anatembea naye haraka. Na yule mwanamke anapofungua mdomo kuuliza, "Huyu mtoto wa nani?", anauliza kwa Kiswahili.

Mtu mmoja akapiga kelele: "Mubbi!" Yaani mwizi. Mwingine akaongeza, mwizi wa watoto. Ndugu zangu, ninyi mnaokaa Uganda mnajua neno hilo lina uzito gani. Watu wamepoteza watoto katika nchi hii, na hofu yao si ya bure. Walinizingira kama maji. Mtoto alinyakuliwa mikononi mwangu na mwanamke ambaye baadaye nilijua ndiye mama yake, ananilaani kwa maneno nisiyoyajua lakini niliyaelewa yote. Nikapigwa kofi. Nikavutwa nguo. Nikaanguka kwenye magoti, na nikaona mtu anakuja na kipande cha mti. Nilitaka kumwita Yesu, nikashindwa. Sikupata hata neno moja la maombi. Na bado alinisikia!

Kulikuwa na mwanamke mmoja Mnubi, Mwislamu, mzee kiasi, anaitwa Hajati Mastura. Yeye ni mtu wa Jinja mjini, na siku za soko huja Budondo kuuza vikapu na vifuniko vya kusuka vile vya rangi rangi. Alikuwa ametandaza bidhaa zake upande nilikotoka mimi, kwa hiyo aliona yote, tangu chupa. Aliacha biashara yake wazi, akavuka barabara, akapasua ule umati kwa mabega. Akavua shuka lake la juu akanifunika nalo, kichwa na mgongo, kisha akakaa chini. Ndiyo, alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akanikumbatia, na akawaambia kwa Lusoga jambo ambalo alinitafsiria baadaye. Aliwaambia: "Anayetaka kumpiga aanze na mimi. Mimi mnanijua."

Mkono wenye kipande cha mti ukashuka. Alikuwa anajulikana. Nusu ya nyumba za Budondo zilikuwa zinafunika chakula kwa vifuniko vyake.

Polisi wakaja wakatuchukua wote wawili. Afande aliyekuwa zamu alikuwa kijana mpole. Akaniuliza kwa Kiswahili cha huku, "Mama, wewe natoka wapi? Mtoto hii wewe nachukua kwa nini?" Nikamweleza, Hajati akaeleza, afande akasikiliza mpaka mwisho, akasema hana kesi na mimi. Akanishauri tu nisipite tena njia ile, watu bado wana moto. Hajati akanirudisha Jinja kwa gari, akanikanda na maji ya chumvi, akanipa uji. Mimi Mkristo nilimuuliza kwa nini alihatarisha uhai wake kwa mtu asiyemjua. Akaniambia watu wake pia wameitwa wageni katika nchi hii, ingawa ni hapo wamezaliwa, na babu zao ni hapo wamezikwa. Halafu akaniambia ninywe uji, unapoa.

Mngedhani ushuhuda umeishia hapo. Hapana. Kile kilichonipata Budondo kilikuwa cha nje. Cha ndani kilikuwa kinakuja.

Mtu mmoja katika ule umati alikuwa amenipiga picha kwa simu. Mimi niko magotini, kichwa wazi, vumbi usoni. Akaandika chini yake kwamba mwanamke Mkenya amekamatwa akiiba mtoto. Picha ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp, na picha, ndugu zangu, haingoji ukweli ufunge viatu. Kabla ya Jumapili ilikuwa imefika Wanyange. Majirani wakawa wanawaita watoto wao ndani nikipita. Mume wa Konsolata alirudi safari, akakaa na mimi kwa heshima, akaniambia anajua mimi si mwizi, lakini ana mke na watoto pale na yeye yuko barabarani kila siku. Akaniomba niondoke. Konsolata alilia. Nami sikumlaumu yule ndugu, na yupo hapa leo, amesimama mlangoni na wenzake. Shemeji, usiinamishe kichwa, tulishamaliza!

Nilitaka kurudi Chwele. Nilikwenda kumuaga Hajati Mastura, yeye akakataa kuagwa. Akasema, "Mwanangu, usirudi nyumbani na jambo hili mgongoni, litakuwa mlima. Nenda Mbale. Wewe si Mbukusu? Kule lugha yako ni lugha ya udongo." Alikuwa na binti yake, Rehema, ameolewa Nakaloke, kando ya Mbale, anapika chakula sokoni. Akampigia simu, akaniweka kwenye gari.

Nikafika Nakaloke jioni moja ya mvua. Na mnajua jambo la kwanza nililolisikia niliposhuka? Mama mmoja anayefunika nyanya zake dhidi ya mvua aliniambia, "Mulembe." Salamu ya mama yangu! Neno la amani, katika nchi ya ugenini! Nikamjibu, akanijibu, tukaelewana kama tulichota maji kisima kimoja. Lugisu cha huku na Lubukusu chetu ni ndugu wa tumbo moja. Nilisimama pale mvuani nalia, na yule mama akafikiri nimeibiwa.

Rehema akanipokea. Nikawa namsaidia kumenya matoke, kuosha sahani, kuchota maji. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kimoja. Rehema alikuwa na mtoto mchanga. Siku ya pili alikuwa anakoroga sufuria, mtoto akaamka akaanza kulia, akaniambia, dada, nichukulie huyo. Nikaenda nikasimama juu ya kitanda. Mtoto analia. Nikanyoosha mikono, na mikono ikakataa. Nasema ukweli wa Mungu, ilitetemeka, jasho likanitoka, nikasikia zile kelele za Budondo masikioni mwangu. Nikarudisha mikono. Rehema akaja akamchukua mwenyewe, akaniangalia. Alikuwa amesikia yote kutoka kwa mama yake.

Ndugu zangu, yaya asiyeweza kubeba mtoto ni nini? Ni dereva anayeogopa usukani. Kwangu ilikuwa zaidi ya kazi. Mikono hii ndiyo kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho duniani. Wale watu walirudishiwa mtoto wao, na mimi nikaondoka nimeibiwa mikono.

Ndipo nikalipata kanisa hili. Nilikuwa napita barabarani nikasikia wimbo unaimbwa kwa Kiswahili, nikaingia, nikakaa kule nyuma kabisa. Mliniombea. Mchungaji aliniwekea mikono. Nikarudi nyumbani kwa imani, nikasimama tena juu ya kitanda cha yule mtoto, na mikono ikakataa tena. Nasema hivi kwa ajili ya mtu aliyeombewa wiki iliyopita na hajaona kitu. Usione aibu. Mungu alikuwa ameshaanza, ila hakuwa ananifanyia haraka, alikuwa ananifanyia sawasawa.

Sasa sikilizeni alivyofanya.

Kulikuwa na mama mmoja anaitwa Nambozo, nesi katika kliniki mjini Mbale, nyumba yake iko Nakaloke. Alikuwa anakula kwa Rehema akitoka kazini. Akanisikia nikizungumza, akaniuliza mimi ni wa wapi, kazi yangu ni ipi. Rehema akajibu kabla yangu, akamwambia huyu amelea watoto maisha yake yote. Nambozo akafurahi. Akasema ana binti wa miaka mitatu, Khainza. Mama yake ndiye alikuwa anamwangalia, lakini ameanguka akaumia nyonga, hawezi tena kumfuata mtoto. Wamejaribu wasichana wawili, na yule wa mwisho alikuwa anamfungia mtoto chumbani peke yake ili alale yeye. Tangu wakati huo mtoto hataki mtu. Akanialika nyumbani kwake kesho yake.

Nilikwenda nikiwa nimeamua kukataa kwa adabu. Nikakuta Nambozo, mama yake amelala kwenye kochi, na kaka yake anaitwa Mafabi, mwendesha boda. Khainza alikuwa chini ya meza, naona miguu tu. Kabla sijasema neno, Mafabi alikuwa ananitazama, anatazama simu yake, ananitazama tena. Kisha akaiweka ile simu mezani mbele ya dada yake. Ilikuwa ile picha.

Nambozo aliiangalia kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Huyu ni wewe?"

Ningeweza kusema si mimi. Uso katika picha ulikuwa umevimba na umejaa vumbi, nisingebishiwa sana. Lakini nilikuwa nimechoka kukimbia uso wangu mwenyewe. Nikasema, "Ni mimi. Naomba mnisikilize, halafu nitaondoka." Nikawaeleza kwa Lubukusu, yote, tangu chupa. Na nilipomaliza nikawaeleza hata lile ambalo hawakuniuliza, kwamba tangu siku ile mikono yangu inaogopa mtoto, na kwamba nilikuja kukataa kazi yao.

Mafabi akasema maneno ni maneno, kila mwizi anayo. Alikuwa na haki, mtoto ni wa dada yake. Nambozo akaomba namba ya Hajati Mastura, akapiga pale pale. Hajati akasikiliza, akasema hatajitetea yeye wala kunitetea mimi. Akasema wangoje mpaka siku ya soko, atampata mama mwenye mtoto, azungumze mwenyewe.

Nilirudi kwa Rehema kungoja. Sikulala vizuri siku zile, lakini niliona jambo geni. Woga ulikuwa umepungua. Nilikuwa nimesema "ni mimi" mbele za watu, na bado nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu.

Siku ya soko Nambozo akaniita. Tukakaa tena wote, simu mezani imefunguliwa sauti. Yule mama wa Budondo alizungumza Lusoga, Hajati akawa anatafsiri nyuma yake. Alisema siku ile alichukua mtoto wake bila kuutazama uso wangu. Alisema baada ya watu kutawanyika, dereva wa lori alirudi kwa miguu kutoka mbele, anahema, anauliza kama mwanamke aliyevuka na mtoto ni wazima, kwa sababu aliona kitambaa cha kichwa kinaruka na alidhani amewaua wote wawili. Aliposikia hivyo, mama mwenye mtoto akakaa chini barabarani. Amenitafuta kwa watu, hakuna aliyejua nimekwenda wapi. Kisha akazungumza na mimi moja kwa moja, na Hajati akatafsiri: "Nilikulaani kwa mdomo huu. Sasa kwa mdomo huu huu nakuombea. Mtoto yuko hapa, anakula."

Na kweli tulimsikia mtoto kwa nyuma, anadai kitu kwa kelele. Sauti ile ile! Niliijua. Nililia mpaka bibi kwenye kochi akaninyooshea leso yake. Mafabi alitoka nje. Baadaye nilijua alikwenda kuandika katika kundi la WhatsApp la waendesha boda lililomletea picha, kwamba ile picha ni uongo, na anayeituma tena atajibizana na yeye.

Nikamwambia Nambozo asante, lakini nikamkumbusha habari ya mikono. Sitaki kumdanganya, nikamwambia, jina limesafishwa lakini sijui kama naweza. Nambozo ni mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Wewe unaogopa kubeba, na mtoto wangu anaogopa kubebwa. Anzeni wote wawili. Njoo Jumatatu."

Nikaja Jumatatu. Jumatatu Khainza alikaa chini ya meza, mimi nikakaa sakafuni upande wa pili wa chumba, nachambua mchele. Jumanne hivyo hivyo, ila alitoa kichwa. Nilikuwa naimba zile nyimbo za mama yangu, yeye anajua maneno yake kwa Lugisu, nikikosea makusudi ananisahihisha kutoka kule chini. Siku zikaenda. Nikawa namwandalia maji ya kuoga kwenye beseni uani, bibi anamwelekeza kutoka kwenye kiti, mimi nasimama mbali kidogo nimeshika taulo.

Halafu ikafika asubuhi moja. Bibi alikuwa bado ndani. Khainza alikuwa amesimama kwenye beseni, ameshaoga, maji yamepoa, upepo wa mlimani unampiga. Akaniangalia. Akanyoosha mikono yake miwili juu.

Ndugu zangu, sikuona malaika. Sikusikia sauti. Niliona mtoto ana baridi. Nikapiga hatua, nikainama, nikambeba. Mikono ilitetemeka, naam, ilitetemeka, kisha uzito wake ukaingia kifuani, ule uzito wa mtoto aliyelowa ninaoujua tangu ujana, na kutetemeka kukaisha. Kukaisha kabisa! Nikasimama naye pale uani, sikutaka kumweka chini. Nikamshika sana. Mpaka akalalamika kwamba namminya.

Huo ndio wokovu ninaoshuhudia leo. Nilipigwa nisife, nikafukuzwa nikapokelewa, nikachafuliwa jina nikasafishwa na kinywa kile kile kilichonilaani, na mwisho nikarudishiwa mikono yangu. Nani kama Mungu wetu? Alimtuma mwanamke Mwislamu anifunike na shuka lake nilipokosa hata neno la kuomba. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Hajati Mastura, na sitachoka kumtaja ndani ya kanisa hili.

Sasa nisiwadanganye kwamba yote yamenyooka. Ile picha bado ipo duniani. Juzi nikiingia garini kwenye kituo cha mjini, mama mmoja aliyeketi ndani alinikazia macho, akavuta mwanawe karibu, akamnong'oneza mwenzake. Zamani ningeteremka garini. Nikamsogelea nikamwambia, "Ndiyo mama, ni mimi, sogea kidogo nikae nikueleze." Nikamweleza mpaka tukafika Nakaloke, na aliposhuka alinipa parachichi.

Na jambo lingine. Mwakani Khainza anaanza shule. Nambozo ameniambia wazi, na kwa upendo, kwamba hatahitaji tena yaya wa kutwa. Kwa hiyo nitakuwa mtafuta kazi tena, katika nchi ambayo si yangu, kwa umri ulioongezeka. Wavulana wangu bado wako shuleni. Sijui mlango utakaofunguka ni upi, wala uko Mbale au Jinja au wapi. Nimejiuliza kama naogopa. Nimejichunguza kweli, kama mtu anayetafuta upele. Siogopi.

Kwa hiyo, wewe dada uliyevuka mpaka juzi, uliyekaa kule nyuma nilikokaa mimi, umeshika begi kwa sababu hujui utalala wapi, nataka nikuambie kitu. Yule aliyenishika mimi hajachoka. Mtegemee hata kama leo huna neno la kumwambia. Na ukitoka hapa usikimbie. Ningoje pale mlangoni, nimvishe huyu mtoto viatu vyake, kisha twende wote kwa Rehema ukale. Habari ya kazi tutaizungumza umeshashiba.